Mkono Ulioshika Maikrofoni

Nikikaa kitako dakika tano, nasimama. Nimekuwa hivi tangu mwezi wa tatu. Naosha vikombe vilivyo safi, nafungua mlango wa nyuma, natazama uani ambako hakuna kitu, nafunga. Jirani yangu Enid aliniambia, "Avril, utatoboa zulia kwa hizo safari zako." Nikamjibu zulia ni langu.

Kilichonisimamisha ni sidii. Enid alinibebea kutoka dukani akidhani ananifurahisha. Juu ya kasha palikuwa na picha ya mnara, na chini yake jina la mdogo wangu, Royston Bloor, kwa herufi kubwa. Mimi si msomaji, niliacha shule nikiwa na miaka kumi na mitano, lakini jina la Bloor nalijua hata nikiwa sina miwani. Enid akanisomea yaliyobaki: "Vipindi vilivyopotea vya Mnara wa Kumi, vilivyookolewa na mtoto mmoja wa Stoke kwa mkono wake mwenyewe."

Nikamwambia asome tena hapo kwenye mkono.

Mnara wa Kumi, tamthilia ya televisheni, ilionyeshwa miaka ishirini na mitatu, kila Jumamosi saa kumi na moja na robo jioni, baada ya matokeo ya mpira. Ilikuwa habari ya walinzi watatu wa mnara wa taa uliosimama mwisho wa mbingu, kazi yao kuzielekeza meli za angani zisipotee. Mlango ukifungwa kwa nguvu kuta zilitikisika, maana zilikuwa za kadibodi. Adui zao, Watu wa Ukungu, walivaa glavu za mpira za kuoshea vyombo zilizopakwa rangi. Mama alikuwa na glavu kama hizo jikoni, na kwa miaka miwili sikuzigusa.

Wenye kituo cha televisheni wakati huo walikuwa na tabia ya kufuta mikanda yao ili warekodie vitu vingine. Hakuna aliyefikiri kwamba watu wazima wangekuja kulilia kadibodi. Ndiyo maana leo vipindi vingi vimebaki sauti tu, na sauti zenyewe zilinaswa na watu majumbani.

Nyumbani kwetu zilinaswa hivi. Mimi nilifeli mtihani wa kwenda shule ya wenye akili. Miaka miwili baadaye Royston akafaulu, na mjomba Wilf akamnunulia kinasa sauti kama zawadi. Hakikuwa na waya wa kuunganisha na televisheni. Ilibidi mtu ashike maikrofoni mbele ya spika, na spika ya televisheni yetu ilikuwa ubavuni. Royston alijaribu mara moja. Mikono yake haikutulia, na alitaka kutazama.

"Shika wewe," akaniambia. "Wewe hata hadithi huielewi."

Nikashika mimi. Jumamosi baada ya Jumamosi, miaka miwili. Mama alisimamisha saa ya ukutani isigonge, akafunika tundu la kasuku kwa taulo, akamwomba mama wa nyumba ya pili asivute maji ya choo mpaka saa kumi na mbili kasorobo. Tulikula mapema, chapati za shayiri zenye jibini, ili visu visigongane na sahani. Kisha mimi nilipiga magoti ubavuni mwa televisheni, mkono umenyooka, pumzi nimeibana.

Kutoka pale kioo hakionekani. Kwa miaka miwili sikuuona Mnara wa Kumi. Niliusikia, na nilimtazama mama. Mwanga wa buluu ulikuwa ukicheza usoni mwake, na kwa uso ule nilijua lini Watu wa Ukungu wamefika, lini mlinzi mzee ameumia, lini ni salama kupumua. Watu wengine wanakumbuka picha. Mimi nakumbuka uso wa mama.

Mama yetu, Beryl, alikuwa anasugua vikombe vya udongo katika kiwanda cha hapa kwetu Stoke kabla havijapakwa rangi, na vumbi la udongo lilikuwa limeshamkaa mapafuni. Wakati wa kurekodi alikohoa ndani ya mto. Niliacha shule ili nimuuguze. Royston alibaki na vitabu vyake. Mama alifariki nina miaka kumi na saba, na sauti yake haikubaki popote duniani isipokuwa kwenye mikanda ile. Hatukuwa watu wa kurekodi harusi na sikukuu.

Basi niliiweka sidii, nikasubiri. Nilikuwa naisubiri sehemu moja. Tulipokuwa tunarekodi kipindi cha mlinzi mzee kufa, mama alikumbuka kwamba mita ya umeme, ile ya kulipia kwa sarafu iliyokuwa chini ya ngazi, inakaribia kuisha. Umeme ukikatika kinasa sauti nacho kinakufa. Akaenda kwa soksi, akatumbukiza shilingi, akazungusha kitasa, krrr. Mimi niligeuza kichwa kwa hofu. Na yeye, akirudi, akasema kwa upole kabisa: "Avril, tulia. Usitikisike. Hapo hapo, mwanangu mzuri. Karibu tunamaliza." Halafu akakohoa, maana mto ulikuwa mbali.

Kwenye sidii mlinzi mzee alikufa vizuri sana. Shilingi haikuwepo. Mama hakuwepo. Mahali pake palikuwa na ngurumo ya mnara tu, ngu, ngu, ngu, safi kama sakafu iliyopigwa deki.

Nilimpigia Royston simu.

"Tumezisafisha, dada," akasema. "Kelele zote za nyumbani zimetoka. Mafundi wamefanya kazi nzuri ajabu."

"Nataka mikanda yenyewe. Ile chafu."

"Ya nini? Safi ndiyo hiyo unayo."

"Mama yumo humo, Royston."

"Nitaangalia darini," akasema. Hakuangalia. Mwezi wa nne nikapiga, mkewe akasema hayupo. Mwezi wa tano hata mkewe hakuwepo. Huku mimi nazunguka zulia.

Mwezi wa sita Enid akanisomea kwenye gazeti kwamba wapenzi wa Mnara wa Kumi watakutana Jumamosi katika hoteli moja mjini Stafford, na mzungumzaji ni Royston. Nilipanda treni ya asubuhi. Njia nzima nilisimama, ingawa viti vilikuwepo.

Ukumbi ulijaa watu wa umri wangu, wenye mvi na vitambi, wamevaa makoti ya walinzi yenye vifungo vya shaba ambayo hayakuweza kufunga. Nyuma yangu wawili walikuwa wakigombana.

"Kuta zilikuwa zikitikisika, kubali."

"Ulikuwa upepo wa angani."

"Angani hakuna upepo, Clifford!"

"Wewe ulishafika?"

Kisha mtu akapiga ile ngurumo ya mnara kwenye spika, na wote wawili wakanyamaza. Nilipogeuka, Clifford alikuwa anafuta macho kwa mkono wa koti. Nilitaka kumcheka nikashindwa. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umeinuka wenyewe mpaka usawa wa bega.

Royston alikuwa jukwaani na kizibao chake cha mwalimu mstaafu. Pembeni yake alikaa fundi aliyesafisha mikanda, mtu mwembamba aitwaye Aubrey Pask.

"Nilipiga magoti pale wiki baada ya wiki," Royston akawaambia, "mkono umekufa ganzi, na sikuthubutu kuushusha. Nadhani hata wakati ule nilijua naokoa kitu."

Wakampigia makofi. Mimi nilikuwa nimeshasimama, nikakaa, nikasimama tena. Mwanamke wa kando akaninong'oneza, "Choo kiko kushoto, mpenzi."

Mtu mmoja akamuuliza Aubrey ni kipindi gani kilimsumbua zaidi.

"Kile cha mlinzi mzee," akasema. "Pale katikati mama yake Royston anamtuliza mbwa. Miezi minne nilihangaika na yule mbwa!"

Ukumbi mzima ukacheka. Kumbe ni utani wao wa siku nyingi, tangu Royston alipowasikilizisha mikanda kabla haijasafishwa. Clifford akapaza sauti nyuma yangu, "Avril, tulia!" na wengine wakaitikia pamoja, "Usitikisike!"

Royston naye alikuwa anacheka, mpaka aliponiona nimesimama.

"Sisi hatukuwahi kufuga mbwa," nikasema.

Walidhani naongeza utani, wakacheka kidogo. Nikasema tena, kwa sauti zaidi. "Nyumba yetu ilikuwa na kasuku. Hakukuwa na mbwa. Avril ni mimi. Mama alikuwa anazungumza na mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimeshika maikrofoni. Huyo alikuwa kwenye kiti, anatazama."

Royston akasogeza midomo kwenye kipaza sauti. "Dada yangu," akasema. "Tulisaidiana, bila shaka. Ni miaka mingi."

"Nani aliwaambia ni mbwa?" nikauliza. Aubrey alimtazama Royston, na watu wote wakatazama alikotazama yeye.

Wakatangaza mapumziko ya chai kabla ya wakati wake. Royston akanivuta pembeni, karibu na meza ya biskuti.

"Umenidhalilisha mbele ya watu. Umefurahi sasa?"

"Nipe mikanda."

"Wewe huelewi. Hawa watu ndio nilio nao, Avril. Waliniuliza mara moja tu, miaka hiyo, huyo Avril ni nani, na mimi nikasema..."

"Nipe mama."

Akatazama biskuti. "Haipo. Tulipohamia nyumba ndogo tuliitupa. Ilikuwa imeshasafishwa, nikaona ya nini tena."

Nilimpiga kofi. Sijutii, na kama kuna mtu wa Stafford anayesimulia kwamba nilimpiga mawili, anasema uongo.

Aliyenifuata mpaka kituo cha basi alikuwa Aubrey Pask, anahema, mkoba wa kompyuta umemning'inia shingoni. "Mama, samahani," akasema, ingawa mimi si mama yake. "Fundi hafuti nakala ya kwanza kabisa. Nilivyoipokea ndivyo ninavyoitunza. Ninayo hapa."

Tukakaa kwenye benchi la kituo. Akanivisha vile vya kusikilizia masikioni. Mlinzi mzee alikuwa anakufa, mlango wa chini ya ngazi ukalia, shilingi ikaanguka, kitasa kikaenda krrr. Kisha mama. Nilikuwa nimesahau kwamba sauti yake ilikuwa nyembamba hivyo. Alikuwa mdogo kuliko nilivyo mimi leo, kwa miaka mingi sana.

"Nirudie?" Aubrey akauliza.

"Rudia."

Alirudia mara sita. Mabasi mawili yakapita. Mara ya mwisho akasema kwa aibu, "Kile kikohozi nilikitoa kwanza, kwa sababu kilikuwa rahisi." Angejuaje.

Aliniwekea vipindi vyote vichafu kwenye sidii, akazileta mwenyewe nyumbani, akala chapati za shayiri tatu. Aliniahidi kwamba watarekebisha kasha. Wamerekebisha: jina la Royston liko palepale kwa herufi kubwa, na nyuma, chini, Enid alinisomea, "kwa msaada wa dada yake". Msaada! Royston ameniandikia barua, na Enid ameniuliza kama anisomee. Nimemwambia aiweke nyuma ya saa. Bado iko hapo.

Bado natembea huku na huku, na vikombe bado naviosha vikiwa safi. Lakini Jumamosi, saa kumi na moja na robo, naweka ile chafu, napiga magoti ubavuni mwa spika, ingawa magoti sasa yanauma, na nanyoosha mkono. Mama anasema tulia. Na kwa dakika ishirini na tano natulia.