Nyumba Iliyokaa Siku Tatu

Mathews Oluoch ni fundi wa betri hapa Kisian, kando ya barabara ya Busia, na ana miaka sitini na mmoja. Tangu aoe ameishi na mkewe Seline katika chumba cha kupanga nyuma ya duka la unga, ilhali boma la marehemu baba yake liko mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Si kwamba alikosa mabati. Kaka yake mkubwa, Owiti, alikuwa hajajenga, na kwetu mdogo hamtangulii mkubwa kujenga katika boma la baba. Anayetangulia hujiletea chira, ule ugonjwa wa kukonda ambao hospitali haiuoni. Owiti alikwenda Nakuru akiwa kijana kuendesha magari ya watalii, akaoa huko, akazeeka huko, na kila Krismasi alituma salamu na ahadi ya kuja kujenga.

Watu wa mjini hucheka wakisikia haya. Wacheke. Zamani ndugu walisubiriana, na mkubwa aliona haya kumchelewesha mdogo wake. Haya ndiyo iliyokufa kwanza. Sheria ilibaki peke yake, bila ile haya ya kuibeba.

Mtu asiye na nyumba akifa, husimamishiwa kibanda siku ya kumleta kutoka mochari ili maiti ilale ndani, na mwezi haupiti mbuzi wamekiangusha. Oluoch alikuwa amewasaidia wenzake watatu kwa njia hiyo, akashika nyundo na kulia huku akipigilia misumari. Hakuomba mengi maishani. Aliomba nyumba yake, upande wa kushoto wa lango la baba yake, kabla hajafa.

Nilimjua enzi za betri za maji. Watu walizileta kwa baiskeli hata kutoka Maseno, za redio na za televisheni, naye alizipanga kwenye benchi na kuzisikiliza zikichemka. Suruali zake zote zilikuwa na matundu ya asidi. Waliokuja kungojea chaji walikaa pale wakisoma gazeti moja kwa zamu na kubishana. Mimi niliyeishia darasa la nne nilijifunza kusoma vizuri kwenye benchi lile. Leo kila paa lina paneli na kila mtu anasoma simu yake chooni.

Mwaka jana, mwezi wa pili, Owiti alirudi. Alirudi na basi la shule lililozeeka, limeng'olewa viti na kutiwa kitanda, jiko la gesi, sinki na friji ndogo. Mkewe, Gakenia, ana kisukari, na dawa yake ya sindano lazima ikae kwenye baridi. Basi likizimwa injini, friji ilidumu saa chache tu, kwa hiyo walikuwa wakisafiri kutoka soketi hadi soketi.

"Fundi, nimekuletea kazi," Owiti alisema akishuka.

"Umeleta kazi au umeleta nyumba?"

"Vyote viwili. Nitilie sola humu, niishi."

"Uishi wapi?"

"Popote, owadwa, ndugu yangu. Nimestaafu."

"Basi anzia kwa baba. Ingiza basi upande wa kulia wa lango, mahali pako, ulale humo na mkeo. Wazee wakikubali kwamba ni nyumba, nami nitajenga. Kazi ya sola nitaifanya bure."

Owiti alicheka. "Bado unawaogopa wale wazee?"

"Nawaheshimu."

"Ni kitu kile kile."

Tulikaa wazee wanne wa ukoo, nami nikiwemo. Mzee Opiyo ndiye mkubwa wetu, na ndiye aliyeanza.

"Nyumba gani hii yenye usukani?"

"Afadhali usukani, Jaduong', mzee wetu," mmoja akamjibu. "Nyumba yako wewe, kila mvua ukuta unatembea wenyewe."

Tulicheka, kisha tukaamua. Owiti na mkewe wapike na kulala humo siku nne, basi lisisogee hata hatua. Siku ya tano tutalihesabu kuwa nyumba. Siku nne nilizitaja mimi.

Siku ya kwanza basi lilivuta umeme kwa waya kutoka kwa jirani, na Oluoch akapanda juu na paneli nne. Owiti alikuwa ameona kwenye simu kwamba paneli lazima ziinamishwe kuelekea kusini.

"Huyo wa kwenye simu yuko Kisumu?" Oluoch akamuuliza. "Hapa jua linapita utosini. Na mchana mawingu yanashuka kutoka Nandi. Tunachuma jua asubuhi."

Akazilaza, akaacha nafasi ya upepo chini yake, akaziba kila tundu la bolti kwa silikoni. Siku ya pili aliweka betri ya lithiamu chini ya kitanda, juu ya ekseli, akaifunga kwa mkanda wa chuma. Alikata waya nene, akaziminya ncha zake kwa koleo badala ya kuzisokota, akaweka fyuzi kubwa karibu kabisa na betri. Hakuipenda betri ile. "Haichemki, hainuki," aliniambia. "Unakaa nayo kama maiti." Lakini aliifunga kama ya mtoto wake.

Nilimvuta kando. "Oluoch, mbona haraka? Sema kuna kifaa kinatoka Kisumu. Waache kwenye waya wa jirani hadi siku ya tano."

"Umeme wa jirani ulikatika jana kwa saa tatu nzima, Mzee. Shemeji ana dawa kwenye friji."

"Basi iache na kasoro ndogo."

Alinitazama hadi nikaangalia pembeni.

Siku ya tatu, saa sita mchana, betri ilijaa. Friji ilinguruma, feni ikazunguka, na waya wa jirani ulikuwa umekunjwa. Owiti aliutazama mshale wa chaji kwenye kioo cha betri kama mtu aliyefunguliwa pingu.

"Tunaenda Mbita," akasema.

"Imebaki siku moja," Oluoch akamwambia. "Moja tu, Owiti."

"Wazee wako wanataka niote mizizi? Nitarudi Disemba."

"Mimi ningekaa hata mwezi, shemeji," Gakenia alisema. Owiti alikuwa ameshawasha injini.

Nilidhani Oluoch atasimama langoni. Aliingia ndani ya basi, akapiga magoti, akakaza tena bolti za ule mkanda, kwa sababu njia waliyochagua ilikuwa na matuta. Kisha akashuka, na basi likaenda. Angeifanya kazi vibaya, kaka yake angekaa.

Tulikaa tena, wazee wanne. Tulisema siku tatu si nne. Mzee Opiyo aliongeza kwamba nyumba iliyoondoka ni mbaya kuliko ambayo haikuwahi kuwepo. Nami nilikubali, kwa sababu nilikuwa nimeitaja hesabu na sikutaka kuonekana mtu wa kubadilika.

Disemba Owiti hakuja. Aliyejenga ni Byron, mjukuu wa Mzee Opiyo, kijana wa miaka ishirini na minne mwenye kaka wakubwa watatu wasio na hata banda la kuku. Nyumba ya mawe. Opiyo alikula kuku wa sherehe, nasi tulikula. Aliyetia waya katika nyumba ile ni Oluoch.

Mwezi uliopita nilikwenda kwenye karakana yake kumwambia ajenge, neno langu nalirudisha. Nilimkuta ndani ya gari la watu kutoka Sondu, analitilia sola. Siku hizi wanamtafuta kutoka mbali.

"Mliamua wanne, Mzee," alisema bila kutoka. "Wanne wakae watengue."

Lakini Opiyo tumemzika Januari. Mwingine hamjui tena hata mkewe. Wa tatu amehamia kwa binti yake mjini na husema mambo hayo ni ya kishenzi. Hakuna aliyeshika nafasi zao wala anayezitaka.

Nilimweleza hayo. Akaniomba nimpe ile koleo iliyokuwa karibu na mguu wangu, nami nikampa.