Kiazi cha Karibu na Mto

Babu yangu alikuwa mchoyo wa viazi vikuu, na sisemi hivyo kumsengenya, alikubali mwenyewe. Maparachichi tuliokota tulivyotaka, ndizi tulijikatia, maharagwe yalikuwa ya mama. Lakini viazi vikuu, ikwa kama tulivyoviita nyumbani, vilikuwa vyake peke yake. Huku kwetu Meru hilo ni zao la mwanamume. Aliyepanda ndiye anayechimba, na mwanamke hata afe njaa havigusi vikiwa udongoni.

Tulivila wageni walipokuja. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," babu alinitania akichukua panga, nami nilikuwa msichana wa kumwomba Mungu wageni kila Jumapili. Nilimfuata hadi karibu na mto, kwenye mti uliobeba mmea wake mkubwa kuliko yote. Alipiga magoti, akafukua ubavuni kwa kijiti kilichochongwa, akaingiza mkono na kupapasa huku amefumba macho. Kisha akakata kiazi kwa chini, akakiacha kichwa kikining'inia kwenye shina, akakifukia na kuupigapiga udongo kwa kiganja.

"Kichwa hakichimbwi," aliniambia. "Ukila kichwa umekula na cha mwaka ujao."

Jioni alikichoma kwenye majivu, akakwangua maganda kwa kisu, akanipa kipande cha katikati, cheupe, chenye mvuke. Nimekula vingi tangu wakati huo, hata kwenye hoteli zenye vitambaa mezani. Sijaonja kitu cha kukifikia.

Nilikuwa darasa la tano babu alipoanguka uani na upande mmoja wa mwili wake ukafa. Hospitalini walimlaza kidogo, kisha wakatuambia tukamtunze nyumbani. Akawa hataki chakula. Uji mama aliomnywesha ulimtiririka kidevuni, na mtu aliyekuwa akibeba gunia la kahawa peke yake akawa mwepesi hata mimi niliweza kumgeuza. Nililia nikimgeuza, kwa sababu nilimpenda na kwa sababu alinuka.

Siku moja alimwambia mama, kwa mdomo wake uliopinda, kwamba anataka kiazi cha karibu na mto. Hicho tu.

Baba yangu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo mwenye neno pale nyumbani alikuwa baba mkubwa, mwalimu na mzee wa kanisa. Mama alimwita.

"Mzee ameitisha kiazi yake ya shamba," mama alimwambia. "Enda umchimbie."

Baba mkubwa alitazama viatu vyake. "Nichimbe na yeye ako kwa kitanda? Watu watasema tumeanza kugawana mali. Si unajua hii kijiji?"

"Lakini ni yeye mwenyewe amesema."

"Na nani amemsikia? Wewe na huyu mtoto."

Mama akachukua panga lililokuwa nyuma ya mlango. Baba mkubwa akasimama njiani. "Shemeji, wewe ni mwanamke. Unataka kumzika mzee kabla hajakufa?"

Mama akalirudisha panga nyuma ya mlango. Kwetu kijana anayegusa viazi vya baba yake aliye hai huhesabiwa kuwa amekwisha kumrithi, na mkaza mwana anayevigusa hana pa kuuweka uso wake. Nililijua hilo nikiwa mtoto. Bado nilitaka kumng'ata baba mkubwa mkono.

Yeye hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Kesho yake alienda mjini, akazunguka soko la Gakoromone na kurudi na kiazi kikubwa, kizuri kwa macho. Mama alikichemsha na kukiponda. Baba mkubwa akakaa kitandani na kumlisha baba yake kwa mkono wake mwenyewe.

"Kula, mzee. Ni ya shamba."

Babu alikishika mdomoni. Nilidhani amekubali. Halafu akakisukuma nje kwa ulimi, polepole, kikaanguka kifuani.

"Hiki kimepanda gari," akasema.

Akageuza uso ukutani. Mama alimletea maziwa, akamletea ndizi iliyopondwa, akamletea mchuzi. Hakufungua mdomo tena, si kwa chakula wala kwa maneno, na kabla ya Jumapili alikuwa amekufa.

Siku ya mazishi hapakuwa tena na wa kusema tunagawana mali. Asubuhi baba mkubwa aliteremka mtoni na wanaume wa kanisa, wakiwa na majembe. Hawakupiga magoti wala kupapasa. Walipasua udongo kutoka juu, wakatoa kila kitu, wakakisukuma kwa toroli hadi jikoni. Niliviona vichwa vikiingia kwenye sufuria pamoja na viazi vyenyewe.

Wageni walikula wakasifu. "Huyu mzee alijua kupanda," mmoja alisema huku akiongezewa. Baba mkubwa aliinama juu ya sahani yake na hakula.

Mama alinipa kipande cha katikati. Nilikuwa na njaa, kwa kuwa tangu asubuhi hakuna aliyetukumbuka sisi watoto. Nilikila chote, na kilikuwa kitamu vilevile.