Vidole Visivyosomeka

Mashine ya alama za vidole ilikuwa ndogo kama kipande cha sabuni ya kufulia. Ilikaa mezani kwangu, katika ofisi yetu ya wakala wa ajira, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi mjini Geita. Kazi yangu ilikuwa kuita jina, kumwambia mtu aweke kidole, na kusubiri taa ya kijani. Kampuni zilizotuagiza vibarua wa migodini zilifungua mageti yao kwa kidole. Asiyesomeka kwetu asingepita kule, kwa hiyo hatukumpeleka.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeanika dagaa Nkome kando ya ziwa, nimepakia pamba, na nimeshika nyundo miaka minne kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo. Kila mahali nilikaa mpaka nilipoanza kukumbuka nilikotoka, kisha nikaondoka. Ofisini nilidhani nimepata kivuli.

Mwezi wa kwanza tu nilijua nani hukataliwa. Makarani walisomeka, madereva walisomeka. Walioshindwa ni waponda mawe, wakulima, na akina mama waliokesha kwenye mashine za kusaga mawe. Tangazo letu mlangoni liliomba watu wenye uzoefu, na uzoefu ndio uliokuwa umewafuta vidole.

Asubuhi moja alikuja baba wa rika langu kutoka kwetu Kishapu, kijiji cha jirani. "Mwangaluka," alinisalimia, na mimi nikaitika kwa Kisukuma ambacho sikuwa nimekitumia muda mrefu.

Aliweka kidole cha shahada. Nyekundu. Nikakifuta kwa kitambaa. Nyekundu. Tulijaribu vyote kumi.

"Jaribuni na vya miguu!" mtu akapaza sauti kwenye benchi.

"Huyo hata polisi hawampati!"

Yeye mwenyewe akacheka. "Kumbe nilitakiwa niwe mwizi. Nimepoteza miaka bure."

Halafu akainama na kuniambia kwa sauti ya chini. Mtoto wake wa mwisho ana seli mundu na anahudhuria kliniki Kolandoto. Kazi hii ilikuwa na bima ya familia. Hakutaka kingine, bima tu.

Utaratibu wetu ulimpa kila mtu nafasi ya pili baada ya wiki mbili. Nami nilijua, kwa mikono yangu mwenyewe, kwamba kidole kikipumzika michirizi hurudi.

"Usishike jembe, usishike sululu," nikamwambia. "Kila jioni upake samli."

"Wiki mbili nikae kama bibi harusi?"

"Kama bibi harusi."

"Mke wangu atanicheka mpaka augue."

Nilimwomba bosi wetu amshikie nafasi. Hakuwa mama mbaya. "Ijumaa ya wiki ya pili, mwisho saa sita mchana," alisema. "Baada ya hapo nampigia anayefuata."

Siku ya kumi yule baba alinipigia simu. "Michirizi inaonekana, ndugu yangu! Imepinda kama kijito." Siku hiyo nzima nilifanya kazi kwa furaha. Nilijiona nimefanya jambo moja la maana tangu niondoke nyumbani.

Ijumaa alifika mapema. Alikaa na ngumi zimefungwa juu ya mapaja, nikajua kabla hajasema.

"Umeshika nini?"

"Juzi tulipata msiba. Jirani."

"Ukachimba kaburi."

"Nikachimba."

"Wanaume wengine hawakuwepo?"

Alinitazama kana kwamba mimi ni mgeni. "Ningesimama pale mikono mfukoni, mzima wa afya, watu wakiniona? Ningewaambia nini, kwamba natunza vidole? Na siku nikifiwa mimi, nani atakuja?"

Nilimfikiria mtoto wake wa Kolandoto. Ardhi ya kwetu wakati wa kiangazi naijua. Sululu inadunda kama umeipiga kwenye saruji. Alifungua mikono. Malengelenge yalikuwa yamepasuka, ngozi imechunika.

Tulijaribu vyote kumi, polepole, nikipuliza kila kimoja. Nyekundu. Niliwaza kuweka changu mahali pa chake. Lakini geti la mgodini lingemkataa mbele ya walinzi, naye angeitwa tapeli. Tukasubiri, tukajaribu tena, mpaka bosi akatoka chumba cha ndani.

"Imesomeka?"

"Bado."

Aliangalia saa ya ukutani, akamwangalia yule baba, akaenda kumletea soda. Aliporudi akaniambia, "Piga."

Nilipiga simu huku yeye amekaa mbele yangu na soda yake. Mtu wa pili kwenye orodha alipokea mara moja na kushukuru kwa sauti iliyosikika chumba kizima.

Yule baba alimaliza soda, akasimama. "Usijitese, bwana. Wewe ulijaribu." Kisha, kama mtu anayetafuta maneno ya kuagana, akauliza, "Nyumbani ulifika lini mara ya mwisho?"

Baba yangu alipozikwa nilikuwa Nkome, na mpaka leo sijauliza ni akina nani waliomchimbia.

Jumatatu asubuhi niliweka kidole changu kwenye ile mashine, kama sisi wafanyakazi tulivyotakiwa kila siku. Taa ya kijani iliwaka kabla sijakikandamiza.