Neno la Mpiga Chapa

Nje ya mahakama ya Darbhanga, India, mpiga chapa hamtazami mteja usoni. Huinamia taipu yake, huchokonoa herufi zake kwa kijiti cha mwarobaini, kisha huuliza kwa sauti ya kukwaruza, "Niandike uzembe, kosa, au uhalifu? Kwa Kiingereza maneno hayo si ndugu. Hakimu akisoma kosa, mtu wako anatoka. Akisoma uhalifu, anaozea ndani."

Phulmati, aliyekuja kuandikiwa ombi la mumewe aliyefungwa, hakujua kusoma hata moja. "Mume wangu alikata tuta la mto, bwana mwandishi. Maji yalishafika kitandani kwa watoto."

"Tuta la wapi?"

"La Kusma."

Vidole vikasimama. Kwa mara ya kwanza mpiga chapa akainua macho. "Maji yakamwagikia ng'ambo. Ng'ambo ndiko kwetu. Mama yangu tulimfukua kwenye matope siku ya tatu."

Phulmati akageuka kutafuta mwingine. Waandishi wengine walishafunga, na askari alikuwa akivuta lango la mahakama. Taipu ikaanza kulia, herufi moja moja. Halafu mpiga chapa akamshika dole gumba, kama anavyowashika wateja wote, akalikandamiza kwenye wino.

"Nimeandika 'kosa'," alisema. "Kimbia na karatasi hii, dada, kabla sijaichana."