Jina Lake Sikuliandika

Mama yule wa Mkunya hakunikaribisha ndani. Alinikuta nimesimama uani kwake, akaniuliza, "Umekuja kuchukua nini tena?"

Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikaa naye siku tatu, yeye akifinyanga vyungu, mimi nikimrekodi kwa simu. Nilikuwa nasomea shahada ya uzamili ya sayansi ya siasa, nikitafiti jinsi wagombea udiwani wanavyopatikana ndani ya chama. Mambo hayo huyapati kwa kujazisha watu fomu. Lazima mtu akuamini. Alikataa mara mbili. Nikamwapia kwamba jina lake halitatokea popote, ndipo akanisimulia jinsi shemeji yake, mwenyekiti wa kijiji, alivyowaita wajumbe nyumbani kwake akawaambia wamchague nani.

Jina lake kweli sikuliandika. Niliandika: "mjane mfinyanzi, katibu wa kikundi cha kina mama, shemeji wa mwenyekiti." Msimamizi wangu chuoni aliisifu sentensi ile, nami nikavimba kichwa. Kisha, kama tulivyofundishwa, nikapeleka nakala ya ripoti ofisi ya kata ili wenyeji waone matokeo. Mtendaji akaisoma kikaoni kwa sauti. Kufika pale, watu wote wakageuka wakamtazama yeye.

"Mkunya hii ina wajane wafinyanzi wangapi wenye shemeji mwenyekiti?" aliniuliza.

"Mama, nisamehe, jina sikuli..."

"Usiniite mama! Jina uliliacha, ukaniandika mimi mzima."

Kikundi kilikuwa kimemvua ukatibu. Ukoo wa marehemu mumewe ulifanya harusi, hakuitwa hata kupika. Alinieleza hayo bila chozi, kwa hasira kavu, halafu akanyoosha mkono. "Toa hiyo simu."

Nikafuta rekodi zote mbele ya macho yake.

"Na kwenye kompyuta?"

"Nitazifuta leo leo."

"Kuahidi unajua wewe," akasema, akaingia ndani na kufunga mlango.

Nilirudi nyumbani Masasi nikampigia msimamizi. Akaniambia nisiondoe kitu. Bila ushahidi ule sura ya nne ingebaki tupu, na kila utafiti una lawama zake. Aliyasema kwa utulivu uliofanya nimchukie. Nikafuta rekodi zilizobaki, nikaondoa kurasa zake zote. Wasahihishaji waliandika kwamba sura ya nne ni dhaifu, wakanipitisha hivyo hivyo. Nakala ya ofisi ya kata niliifuata mwenyewe. Mtendaji alinikabidhi huku akicheka: "Chukua, dada. Watu walishatoa fotokopi."

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa sokoni Newala, amepanga vyungu vyake chini. Nikainama nikamwamkia, "Shikamoo." Mteja aliyekuwa akichagua chungu akasimamisha mkono, akingoja aniitikie. Yeye akamwambia mteja, "Hicho kimeiva vizuri, kigonge usikie."