Nilishuhudia Gari Limepona, Kumbe Diski Zimepinda

Jameni, haya niliyoyafanya Jumapili ile ningeyaficha kama ningeweza, lakini mtaa mzima wa Tassia unayajua, kwa hivyo heri niwasimulie mwenyewe kabla hamjasimuliwa na mtu wa kutia chumvi (ingawa sijui ataitia wapi, mambo yenyewe yalishakolea).

Mnakijua kigari changu, kile cheupe ninachopelekea wateja sare za shule. Mwezi ule kilianza kutetemeka. Si wakati wote, la, kikienda kinaenda vizuri kabisa, lakini nikikanyaga breki tu, hasa nikiteremka daraja la barabara ya Outering, usukani unanitikisa mikono hadi meno yanagongana. Mtu mwenye akili angeenda kwa fundi. Mimi nikaanza kutafuta mchawi.

Na mchawi sikumtafuta mbali. Kila jioni nikirudi na kuanza kuosha gari, Mama Njeri, jirani yangu wa ghorofa ya tatu, alikuwa anasimama kwenye ngazi ananitazama, mikono kiunoni. Nikajiambia hilo ni jicho la wivu. (Huyu huyu aliyewapikia watoto wangu wiki mbili nilipolazwa hospitali! Lakini mtu akishaanza kutafuta mchawi, fadhila zote humtoka kichwani.) Ijumaa nikaenda kwenye ushirika wa akina mama wa kanisa letu nikaomba gari liombewe. Wakalizunguka, wakaweka mikono juu ya boneti, wakaomba kwa nguvu, na mimi nikaendesha hadi nyumbani bila mtetemo hata kidogo. Kulikuwa na jam siku hiyo, tulikuwa tunatambaa tu, breki yenyewe sikuikanyaga kwa nguvu hata mara moja, lakini hilo nani alilifikiria?

Basi Jumapili, wakati wa shuhuda kanisani, nikachukua maikrofoni. Ningesema "Bwana asifiwe, gari limepona" nikaketi, yangeishia hapo, ila mimi nikipewa maikrofoni huwa sijui kuirudisha. Nikaongeza: "Na yule jirani anayesimama kwenye ngazi kutazama mali ya watu, macho yake yashindwe!" Kanisa zima likaitikia, "Yashindwe!" Nusu ya waumini wanakaa ploti yetu, jengo moja na sisi, kwa hivyo jina halikuhitajika. Mama Njeri anasali kanisa lingine, lakini nilijua habari itamfikia kabla sufuria haijatoka motoni, na nikaona raha, Mungu anisamehe.

Baada ya ibada, mke wa mchungaji wetu akasema kwa kuwa gari limepona, niwapeleke kumwona mama mmoja aliyejifungua, hapo tu chini ya daraja. Akapanda mbele na jagi la uji wa wimbi mapajani, akina mama watatu wakajibana nyuma, tukateremka daraja tukiimba. Mkokoteni ukakatiza mbele yetu, nikakanyaga breki, na wueh! Usukani ukacheza, dashibodi ikalia, uji ukaruka ukamwagika wote kwenye gauni jeupe la mke wa mchungaji, na wale wa nyuma wakaanza kukemea, madirisha wazi, "Toka! Toka!" mpaka watu wa bodaboda wakaacha steji yao wakaja kuona. Mmoja akainama akachungulia gurudumu.

"Mathe, hiyo si shetani," akasema. "Hiyo ni diski ya breki."

Walicheka, aki walicheka. Hata mke wa mchungaji, uji unamchuruzika, nilimwona anauma midomo. Wao wakamalizia safari kwa miguu, mimi nikarudi nyumbani polepole, na wala si kicheko kilichoniuma. Nilikuwa nimemwita Mama Njeri mchawi mbele ya kanisa zima, na sikujua nitamtazama vipi tena.

Nilimkuta palepale kwenye ngazi. Akateremka hadi kwenye gari.

"Nimesikia nina macho," akasema.

Nikazima injini, yeye akainamia gurudumu la mbele.

"Ukikanyaga breki, kinachotetemeka ni usukani ama kiti?"

"Usukani," nikasema kwa sauti ndogo.

"Basi ni diski za mbele. Zingekuwa za nyuma ungesikia kwa kiti. Wewe unakuja magurudumu yamechemka, unayamwagia ndoo ya maji baridi ndio rimu zing'are. Chuma moto ukikimwagia maji si kitapinda? Wiki tatu nasimama hapa nikitaka kukwambia. Nikikusalimia unafunga kioo."

Kumbe! Mimi nilidhani huko mtaa wa Ziwani anakoenda kila asubuhi anauza chai, kumbe mwenzangu anaendesha mashine ya kuchonga vyuma. Nililia pale pale mbele ya ploti, nikamwomba msamaha. Aliniambia tu nilete gari karakanani kwao Ziwani kesho asubuhi.

Jumatatu akavua gurudumu, akashika kipande cha chaki karibu na diski, akaizungusha taratibu. Chaki ikachora sehemu moja tu, kwingine haikugusa. "Hapa pameinuka," akasema. Akapima unene, akaona bado inaweza kuchongwa, akaifunga kwenye mashine akaichonga mpaka ikawa sawa pande zote, kisha ya pili vilevile. Akakwangua kutu pale zinapokaa, akaweka pedi mpya za breki, akakaza nati moja kisha ya mkabala wake, maana ukikaza ovyo diski inakaa upande. Yote hayo bila kunitania hata neno moja.

Kisha akapanda kiti cha mbele. "Twende darajani."

Nikazizoeza pedi mpya kwa kukanyaga breki kidogo kidogo njiani kama alivyoniagiza, tukafika juu, tukaanza kuteremka, nikakanyaga. Usukani ukatulia tuli. Nikamgeukia nimshukuru, nikamkuta ameshika mlango kwa mikono miwili, macho amefumba, midomo inacheza.

"Mama Njeri, unaomba?"

"Na wewe ndiye dereva, nifanye nini?"

Tulicheka hadi ikabidi niegeshe kando. Alicheka mpaka akanipiga begani, na hapo ndipo nikajua amenisamehe.

Jumapili iliyofuata niliomba maikrofoni tena (wakanipa kwa wasiwasi), nikamtaja kwa jina, nikasema nilimsingizia. Usiku ule nililala vizuri. Na nimeapa: siku nyingine nikitaka kumtafuta mchawi, kwanza nitapanda ghorofa ya tatu, nibishe hodi, niulize.