Kalanga Zako Zinalia

Karanga za kusaga zikianza kushika chini ya sufuria hutoa harufu tamu sana kabla hazijaungua, na ukishaisikia hiyo harufu ujue umechelewa. Ikinipata popote, iwe jikoni kwa mtu au nyuma ya ukumbi wa harusi, narudi palepale Ipuli, kwenye jiko letu la uani, Tabora. Nina miaka kumi na miwili, mwiko uko mkono wa kulia, simu yenye kioo kilichopasuka iko mkono wa kushoto, na mama yangu ananiita kutoka chumbani: “Mayu! Kalanga zako zinalia!” Mayu ni mama kwa Kinyamwezi, na ndivyo alivyoniita tangu nizaliwe, kama wengi kwetu wanavyowaita binti zao. Alikuwa mtu wa Ipole, kule Sikonge kwenye tumbaku na mizinga ya nyuki, na herufi r haikukaa kinywani mwake hata siku moja. Karanga zilikuwa kalanga, na barabara ilikuwa balabala. Leo ningetoa chochote nilicho nacho nimsikie akisema balabala mara moja tu.

Ilikuwa likizo ya Juni, kiangazi kimeshika, upepo wa asubuhi unakausha midomo na kila uwanja Ipuli umeanikwa kitu. Mama alikuwa amerudishwa kutoka hospitali ya mbali mwezi mmoja nyuma. Sisi watoto tuliambiwa amerudi kupumzika. Mimi nilikuwa mkubwa kiasi cha kuelewa kwamba mtu harudishwi nyumbani na mfuko wa dawa za maumivu peke yake kwa sababu amepona. Alikuwa na saratani, na alikuwa na miaka thelathini na minne. Baba, ambaye ni fundi seremala, aliondoka asubuhi kwenda karakana na kurudi jioni, maana kazi isingemsubiri, na mchana wote tulibaki watatu: mama kitandani, mimi, na mdogo wangu Neema aliyekuwa na mwaka mmoja na nusu na hajui lolote zaidi ya kula mchanga.

Shida yetu ilikuwa kwamba mama alikuwa hali chakula. Majirani walileta wali, walileta supu ya kuku, Mungu awabariki, naye alionja kijiko kimoja na kugeukia ukutani. Siku moja akasema kama anakula, basi atakula michembe ya karanga kama ya kwao. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vyembamba vikiwa vibichi, vikaanikwa mpaka vivunjike ukivibana. Vinakaa mwaka mzima. Mama alipenda kusema kwamba ndicho chakula kilichowafikisha wapagazi wa Kinyamwezi pwani na kuwarudisha, na pembe za ndovu za watu mabegani, kwa hiyo kitamfikisha na yeye anakokwenda. Sikuipenda kauli hiyo. Lakini gunia la michembe lilikuwepo, karanga zilikuwepo, na mpishi pekee aliyebaki nyumbani nilikuwa mimi, ambaye mpaka siku hiyo nilikuwa sijawahi kupika kitu zaidi ya chai.

Jamani, nilipika vituko. Mara ya kwanza nilisahau kuosha michembe, tukala vumbi la Tabora nzima. Mara ya pili nilitia chumvi, nikasahau kama nimetia, nikatia tena. Mara ya tatu unga wa karanga niliumimina mkavu kwenye maji ya moto ukaganda madonge makubwa, na Neema akayaokota moja moja kwa furaha. Mama hakuweza kuamka kuja kuona. Ukuta wa jiko ulishikana na ukuta wa chumba chake, na juu palikuwa na kidirisha kisicho na kioo, kwa hiyo alinifundisha kwa masikio. Alilala akisikiliza sufuria yangu. “Bado maji hayo,” angesema, “yanakimbia. Ngoja.” Baadaye: “Haya, mimina kalanga zako, kologa, usifunike, nimesema usifunike!” Mchuzi ukianza kuwa mzito unaacha kutokota kwa fujo, unapasua povu moja moja, puk, halafu kimya kidogo, halafu puk. Hapo ndipo pa kuepua. Ukichelewa, sufuria inaanza kulia chini, chiii, sauti nyembamba ambayo mimi niliyesimama juu yake sikuisikia, ila yeye aliisikia ng'ambo ya ukuta. Siku ya nne nikapatia. Alikula bakuli nusu. Nilitoka nje nikalia nyuma ya choo, kwa furaha, na kwa kitu kingine ambacho sikukitaja.

Hiyo simu ilikuwa ya baba ya zamani, ameniachia ili nimpigie yeye pale mama akizidiwa. Badala yake mimi niliigeuza studio. Mtaa wa pili alikaa rafiki yangu Zuhura, na dada yake mkubwa alikuwa fundi wa video za mapishi zile za mtandaoni: mikono inakata kitunguu, wimbo unapigwa, maandishi yanaruka rangi ya waridi. Tulizitazama mpaka chaji iishe. Nikasema hata mimi naweza. Nilisimamisha simu kwenye tundu la tofali juu ya jiko, mvuke ukafunga kioo, video nzima ikawa ukungu. Nikaiegemeza kwenye kopo la maziwa, ikaanguka kwenye mlenda. Niliiosha, nikaianika kwenye ungo pamoja na michembe, ikapona, sijui kwa miujiza gani. Nilimwambia mama nachukua video, nikafikiri atanikemea.  Kisha akaniita ndani.

Maneno yake ninayo yote. Alisema: “Sula yangu usichukue. Nimekonda vibaya, sitaki mtu anione hivi. Lakini sauti chukua. Wewe unanijua, mayu, hata nikienda utanikumbuka. Huyu hatanikumbuka.” Akamwonyesha Neema, aliyekuwa ameketi sakafuni anatafuna mfuniko. “Akikua, umpe anisikie ninavyoongea. Umwambie huyo ndiye mama yako, anakufundisha kupika.” Nikasema ndiyo mama. Sikutafuta maana ya hilo neno lake, ‘nikienda’, nililipitia pembeni, nikakimbilia jikoni kuwasha mkaa.

Basi kwa wiki tatu tulifanya kazi hiyo, na naweza kusema zilikuwa wiki zake nzuri za mwisho. Aliamka na mpango. Leo uyoga mkavu, kesho kisamvu, keshokutwa mlenda wa karanga. Mimi napika, simu inachukua mikono yangu na sufuria, na sauti yake inapita kidirishani. Alikuwa anaongea na Neema wa baadaye moja kwa moja. “Neema mwanangu, uyoga wa kiangazi loweka kwanza, usiwe mvivu kama dada yako.” Mara anacheka. Mara anakohoa, kikohozi kirefu, na mimi nasimama na mwiko hewani nikisubiri amalize. Halafu anaendelea palepale alipoishia, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Sasa nifike kwenye kosa langu, na sitalipamba. Video ya kwanza nilimpelekea Zuhura kwenye simu ya dada yake, nikijidai. Kesho yake nilimkuta bombani na wasichana wengine wawili, wanacheka mpaka wanashika ndoo. “Wewe, huyo bibi kizee anayekohoa ni nani? Eti kalanga!” Wakaiga, kalanga, kalanga, na kikohozi juu yake. Zuhura hakuwa mtoto mbaya. Mama yangu hakuwa ametoka nje kwa miezi, na ile sauti kweli ilishakuwa ya mzee. Ningeweza kusema huyo ni mama yangu, anaumwa, nyamazeni. Nilisema, “Ni bibi, amekuja kutoka kijijini.” Nikachota maji nikaondoka.

Dada yake Zuhura ndiye aliyenionyesha jinsi ya kuitoa sauti ya video na kuweka wimbo. Kitu rahisi, unabonyeza kispika kidogo, unachagua wimbo. Nilichagua wimbo wa mapenzi uliokuwa unapigwa kila duka mwaka ule, kijana anambembeleza msichana asimwache. Loo, video zangu zikapendeza! Zikafanana na za watu. Nilizitengeneza zote, moja baada ya nyingine, nikiwa nimejikunja kwenye ngazi ya nyuma, na kila nilipomaliza moja simu ilinilalamikia kwamba nafasi imejaa, nami nikafuta ile ya mwanzo, yenye sauti, ili nipate pa kuweka nyingine. Nikajiambia mama bado yupo, ataongea tena kesho. Niliwaza hivyo kweli. Mtoto wa miaka kumi na miwili anajua kwamba mama yake anakufa, na papo hapo anaamini kwamba kesho ataongea. Sijui vinakaaje pamoja kichwani, lakini vilikaa.

Jumatano moja mama akaniambia, “Hebu niwekee moja nisikilize.”  Nilimwekea ile ya michembe, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa nzuri. Akashika simu kwa mikono miwili kifuani. Wimbo ukaanza. Aliutazama mkono wangu unakoroga, akatabasamu, akasubiri. Niliona anasubiri. Wimbo ukaenda mpaka mwisho, sufuria ikaepuliwa, yakaja maandishi ya waridi, ikaisha. Akanigeukia. “Mbona mimi simo?”

Nilimwambia yumo kwenye nyingine. Akasema niweke nyingine. Nikamwekea ya uyoga. Wimbo uleule. Hakufika katikati, akanirudishia simu. Hakunigombeza, na bora angenigombeza, bora angenichapa. Aliniuliza kama za mwanzo zipo, nikatikisa kichwa, maana hata ile niliyompelekea Zuhura dada yake alishaifuta. Akafumba macho, akasema, “Basi si neno. Jumamosi tuludie. Tuanze na michembe.” Nikaloweka karanga siku ya Ijumaa, kitu ambacho hakuna mtu anayekifanya, karanga hazilowekwi, lakini nilitaka kuwa nimejiandaa. Jumamosi asubuhi niliweka simu dirishani, upande wake safari hii, nikaenda kukoroga ng'ambo. Nikasikiliza. Maji yalikimbia, mchuzi ukawa mzito, ukapasua puk, ukapasua tena. Nilingoja aseme epua. Sufuria ikalia, mpaka mimi mwenyewe nikaisikia ikilia, na chumbani kimya. Nilipoingia nilimkuta macho yakiwa wazi, yananitazama, midomo inakwenda na hakuna kinachotoka. Aliishi siku nne zaidi. Hakuongea tena.

Hilo lina miaka kumi na mbili sasa. Baba ameoa, mwanamke mwema, tunaishi naye vizuri. Mimi napika chakula cha mchana kwa watu wa ofisi mjini, na simu yangu ya leo inaweza kubeba mapishi ya ukoo mzima bila kulalamika nafasi. Watoto wa siku hizi wanajichukua video wakipiga mswaki. Mama yangu aliongea wiki tatu nzima, na kilichobaki ni mikono yangu ya kitoto na wimbo wa kijana asiyemjua. Video nilizihamisha kila nilipobadilisha simu, na nilimpa Neema tangu mdogo. Nilimwambia mama alikuwa ng'ambo ya ukuta wakati ule, ananifundisha. Sikumwambia zaidi. Naye akakua akiupenda ule wimbo kuliko kitu chochote duniani. Aliuita wimbo wa mama. Akiwa na homa aliomba wimbo wa mama. Nilimwekea, nikatoka nje.

Mwaka huu, likizo ya Juni, alipofika umri wa kuuliza, aliuliza. “Dada, kama mama alikuwa anakufundisha, mbona hasikiki?” Tulikuwa tunakata viazi vya michembe uwanjani. Nikaweka kisu chini, nikamwambia yote, la bombani, la bibi wa kijijini, la kile kispika kidogo, na la Jumatano. Alinisikiliza bila kunikatiza. Akasema, “Ulikuwa unaona aibu naye.” Nikasema ndiyo. “Na zile zilikuwa zangu.” Nikasema ndiyo, zilikuwa zako. Akaingia ndani, na kwa wiki mbili alinisalimia shikamoo na marahaba yangu hakuisubiri.

Halafu siku moja akaja jikoni na simu yake. Akasema nipike, na niseme kama alivyokuwa anasema. Nikapika. Nikasema maneno yote, sikuacha hata moja: yanakimbia hayo, ngoja, usifunike, Neema mwanangu usiwe mvivu, kalanga zako zinalia. Nilijitahidi kuiweka sauti alipokuwa akiiweka. Neema akaketi kwenye kigoda akaisikiliza video yote upya kwenye simu yake, na ilipoisha akasema taratibu, “Hapa ni wewe, dada.” Nikamwambia najua.

Jumamosi iliyopita tulikwenda sokoni kununua viazi. Kwenye kibanda cha vyombo vya plastiki mtu alikuwa amefungulia redio, na wimbo ule wa zamani ukaanza. Neema anajua kila kitu sasa. Anajua mama hakuwahi kuuimba, hakuwahi kuupenda, na kwamba ndio uliomfunika. Alisimama hivyohivyo katikati ya njia, watu wanampita na mizigo, kapu limemwelemea mkononi, akausikiliza. Nami nilisimama naye mpaka ulipoisha.